Uvungu Mweupe wa Mdogo Wangu

Jumatatu ya Pasaka

Leo nimefungua matundu ya msingi, kama Baba alivyokuwa akifanya kila Jumatatu ya Pasaka. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za zamani huku Mto Tar, haikukaa chini. Imenyanyuliwa juu ya msingi wa matofali, na chini ya sakafu kuna uvungu ambao mtu mzima huuingia kwa tumbo. Msingi una matundu pande zote, yenye vifuniko vya chuma. Pasaka unayafungua ili nyumba ipumue. Novemba, kabla ya bata mzinga wa sikukuu ya shukrani, unayafunga ili mabomba yasigande. Baba alitufundisha hivyo hata kabla hajatufundisha kuendesha baiskeli. Nimezunguka na bisibisi na kopo la mafuta, huku Mama akiniangalia dirishani na kunionyesha kwa kidole lile lililobaki.

Mama alikohoa muda wote. Kikohozi hiki kilimwingia mwaka jana mwishoni mwa kiangazi na hakitaki kuhama. Mchana akaja mdogo wangu Lorraine, wala hakuketi.

"Namchukua Mama wiki moja, dada. Wewe uko kazini mchana kutwa, nani anamtazama?"

Napika chakula cha watoto shuleni. Tangu lini kazi ya halali ikawa kosa? Lorraine aliolewa na Garland, muuza boti, wana nyumba mpya ng'ambo ya mto. Mimi sikuolewa. Nilibaki na Mama, na Mama akabaki nami, na sijawahi kulala nyumba hii bila yeye. Nilimtazama nikingoja akatae. Akauliza tu, "Mto wangu wa kulalia umeuona wapi?"

Aprili 12

Mvua. Nyumba kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Aprili 18

Nimempigia Mama. Sauti imefunguka, imekuwa safi, anacheka. "Unajua sijakohoa tangu Jumamosi?" Nikasema, "Mungu ni mwema." Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: roho iliniuma. Tangu kiangazi nimemchemshia asali na limau, nimemsugua kifua, nimemwinulia mito. Lorraine kamweka kochini tu, kapona.

Aprili 23

Wiki imegeuka wiki mbili. Lorraine anasema Mama "ameomba". Sijamsikia akiomba.

Mei 2

Mvua tena. Mto umepanda hadi kwenye nguzo za gati.

Mei 14, Siku ya Mama

Niandike yote, la sivyo sitalala.

Huku kwetu, Siku ya Mama, mwenye mama hai huvaa ua jekundu kanisani na aliyefiwa huvaa jeupe. Kila mwaka mimi hukata waridi kwenye ua wa nyuma, na Mama hunibandika kifuani kwa mkono wake. Leo nilifika kanisani na waridi langu kwenye karatasi yenye maji, nikakuta Lorraine ameshabandikwa. Ua kubwa la dukani, lina hata utepe. Mama akaniambia, "Ah, Nadine, na wewe lete," kama mtu aliyekumbushwa deni. Alinibandika ua likakaa upande.

Baada ya ibada tukaenda kula kwa Lorraine. Mezani kulikuwa na biskuti za kopo, vile vimkate laini vinavyouzwa vikiwa vimeshakandwa. Mama yangu, ambaye kwa maisha yake yote alisema biskuti za kopo ni chakula cha wavivu, alichukua, akapaka siagi, akaongeza nyingine. Nilikuwa nimeleta zangu kwenye kitambaa. Zilikaa palepale.

Halafu Garland akasimama. "Haya, nani hajaona uvungu?"

Nilidhani ni mzaha. Watu wakainuka na gilasi zao za chai! Mchungaji na mkewe, majirani, wote wakamfuata nyuma ya nyumba. Ameweka mlango mdogo uliopakwa rangi. Anafungua, anawasha taa, na kweli, uvungu wake ni mweupe kuliko jiko langu. Plastiki nene nyeupe toka ukuta hadi ukuta, matundu yamezibwa kabisa, mashine ya kukausha hewa inanguruma pembeni.

"Unaweza kula chakula humu," akasema Garland.

"Basi tungekula humo," nikasema, "tusingebanana mezani."

Mke wa mchungaji alicheka hadi chai ikamtoka. Lakini Mama hakucheka. Aliinama kwenye fimbo yake, akachungulia, akasema, "Ona ulivyo mkavu, Nadine. Ndiyo maana napumua." Akampigapiga Garland begani. Mimi hajanipigapiga bega tangu nimalize shule.

Nimerudi nikiwa na biskuti zangu zote.

Mei 21

MAMA YUKO NYUMBANI. Amesema mwenyewe amekumbuka kitanda chake. Nimepika samaki na uji wa mahindi wa siagi, nimebadilisha mashuka, nimewasha kiyoyozi cha chumba chake hadi mwisho. Nilimnunulia mwaka jana kile kikubwa kuliko vyote dukani, maana Lorraine ana baridi nyumba nzima. Mama amelala akiwa amejifunika blanketi mwezi Mei. Nani tena ana starehe hiyo?

Mei 24

Amekohoa kidogo asubuhi. Vumbi la chavua ya misonobari, basi.

Mei 26

Si kidogo.

Mei 28

Lorraine alikuja kumwona, akamkuta ameketi kitandani ameshika kifua. Akaanza kufungasha bila kuniuliza.

"Weka chini hiyo nguo," nikamwambia.

"Dada, humsikii? Anapumua kama filimbi!"

"Kwako anapona, kwangu anaugua. Una dawa gani ya kumfanya mtu augue kwa dada yako?"

"Usinichekeshe mbele ya mgonjwa. Nyumba hii inanuka, Nadine. Wewe umeizoea. Kuna kitu chini humo."

"Chini humo kuna mkono wa Baba! Baba aliitunza nyumba hii, nami nimeitunza kama yeye. Wewe uliondoka na mabegi yako ukiwa bado una chunusi."

"Niliondoka kwa sababu hapakuwa na nafasi! Mlikuwa wewe na Mama, Mama na wewe."

"Nyumba njema si mlango, Lorraine, wala si uvungu mweupe."

"Sawa. Basi fungua wako uingie ndani. Ita mkaguzi. Akisema nyumba ni nzima, namrudisha Mama mimi mwenyewe na nakuomba radhi mbele ya kanisa."

"Na akisema si nzima?"

Lorraine akafunga begi. Alimvalisha Mama koti. Mama akasema kati ya kikohozi na kikohozi, "Acheni, acheni," lakini alienda.

Nimemwita mkaguzi. Simwiti kwa ajili ya nyumba. Namwita ili nimwone Lorraine akisimama mbele ya kanisa.

Juni 6

Mkaguzi ameahirisha. Mvua, uvunguni hakuingiliki.

Juni 9

Shule imefungwa. Sasa niko nyumbani mchana kutwa na hakuna wa kumtazama.

Juni 15

Mkaguzi amekuja. Ni mwanamke, Teresa Oxendine, mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alivaa suti nyeupe ya karatasi, akajifunga taa kichwani.

"Bi Nadine, mlango wa uvungu uko wapi?"

"Nyuma, kwenye yale maua."

"Humo ndani kukoje?"

"Sijawahi kuingia."

"Nyumba yako, na hujawahi kuingia?"

"Wewe umewahi kuingia tumboni mwako?"

Alicheka, akapiga paja. "Mimi na wewe tutaelewana." Akajilaza chini, akapotea na viatu vyake.

Nikaingia ndani nimfuate kwa masikio. Anagonga mbao kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, ko, nami natembea juu yake. Nilipofika jikoni, sakafu ikasema: "Bi Nadine! Una miguu mizito!"

"Na wewe una mdomo mrefu!"

"Huku kwema! Kuna unyevu lakini mbao ngumu! Mchwa hakuna!"

Niliruka kwa furaha, akanipigia kelele nitulie. Sebuleni, ko, ko, kwema. Korido, kwema. Nilikuwa tayari namwona Lorraine na kipaza sauti mkononi. Nikaanza kuchagua nguo nitakayovaa.

Halafu akafika chini ya chumba cha Mama. Mlio ukabadilika. Haikuwa ko tena, ilikuwa pu, pu. Akagonga tena, polepole.

"Chumba hiki analala nani?"

"Mama."

"Mbona sakafu yake ina baridi hivi? Kuna nini humo?"

"Kiyoyozi. Nimekiacha kikiwaka, chumba kisije kikashika joto."

"Kizime. Halafu toka nje, tuzungumze kama watu."

Alitoka akiwa mweusi viwikoni na kifuani. Akanionyesha picha kwenye simu. Boriti zilizoota kuvu, nyeupe na nyeusi, kama manyoya. Matone ya maji yamejipanga chini ya mbao. Sufi ya kuzuia baridi imening'inia, imelowa. Picha moja ilionyesha bisibisi yake imezama ndani ya boriti hadi kwenye mpini, kama kwenye keki.

"Ukitoa soda kwenye friji mwezi Julai ukaiweka kibarazani," akaniuliza, "chupa inafanya nini?"

"Inatoka jasho."

"Ndiyo sakafu ya mama yako hiyo. Juu unaigandisha. Chini umefungua matundu, joto lote la mto linaingia na maji yake, linakuta ubao wa baridi. Unatoka jasho. Kuvu inakunywa. Na hewa ya uvunguni haikai uvunguni, Bi Nadine, inapanda. Hapo inapanda hadi kitandani mwa mama yako."

"Matundu lazima yafunguliwe. Baba yangu aliyafungua kila Pasaka hadi alipokufa, na boriti zake hazikuoza."

"Baba yako alikuwa na kiyoyozi?"

"Hapana."

"Basi baba yako alikuwa sahihi."

Akaniambia nifunge matundu yote, leo, na mtu mwenye kifua asilale humo hata siku moja mpaka zile boriti zitolewe. Akaniuliza kama nina mtu wa kumwita. Nikasema sina.

Nimefunga matundu. Jumatatu ya Pasaka niliimba nikiyafungua. Leo nimelia kama mtoto, na sitaki kusingizia kwamba ni kwa ajili ya Mama peke yake. Mwaka jana Mama aliwahi kusema, bila nia yoyote, "Kwa Lorraine nimelala fofofo, kuna ubaridi mzuri." Kesho yake nilikuwa dukani. Nilitaka chumba chake kiwe na baridi kuliko chumba chochote cha Lorraine. Kimekuwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliivaa mwenyewe.

Juni 17

Lorraine amepiga simu, sikupokea.

Juni 20

Amepiga tena. Nimeweka taulo chini ya mlango wa chumba cha Mama, harufu isitoke. Sasa naisikia. Sijui ilikuwa wapi siku zote.

Juni 22

Nilipokea nikidhani ni Lorraine, kumbe ni Mama.

"Mkaguzi alisema nini, mwanangu?"

Nilikuwa na neno la kweli. Nililiona kabisa. Lakini nilimwona pia Lorraine akilisikia, na mlango wake mweupe ukifungwa nyuma ya Mama moja kwa moja.

"Mambo ya kawaida ya nyumba ya zamani. Mchwa hakuna."

"Yaani nyumba ni nzima?"

"Nzima."

Akashusha pumzi. "Ashukuriwe Bwana. Basi njoo Jumapili unichukue. Mtu hulala kwake."

Miezi yote hii nimengoja sentensi hiyo. Nikasema nitakuja.

Juni 25, Jumapili

Nilienda. Nilijiambia atalala sebuleni, nitafungua madirisha, nitafanya hivi, nitafanya vile.

Mama alikuwa kibarazani amevaa kofia, mto wake mapajani. Garland akabeba begi bila utani hata mmoja. Lorraine alikuwa na macho mekundu.

"Mbele ya kanisa ni Jumapili ijayo," akaniambia. "Nitasimama. Nimeshasema nitasimama."

Nilikuwa nimeota uso huo. Nilipouona sikupata utamu wowote, ila niliwasha gari.

Njiani Mama alikuwa na furaha ya kunikera. Alitaja kila atakachopika. Alisema Lorraine ni mwema lakini anaosha sufuria kama anaziogopa. Miezi miwili iliyopita ningeyala maneno hayo kwa kijiko. Tulivuka daraja kwenye mvua, tukaingia uani. Nikazunguka kumfungulia mlango. Aliweka mguu mmoja chini, akainua macho, akatazama msingi wa nyumba. Akautazama kutoka pembe hadi pembe.

"Mbona matundu yamefungwa na bado ni Juni?"

Nilisahau. Ningeweza kumficha Lorraine, na mchungaji, na dunia nzima, lakini mke wa Baba nitamfichaje matundu?

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Mafuriko, Mama. Nyoka, Mama. Aliniangalia na mvua ikimdondoka kwenye ukingo wa kofia, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, bila mlio.

"Boriti za chumbani mwako zimeoza," nikasema. "Kuna kuvu. Ndiyo inayokukohoza. Mkaguzi alisema usilale humu."

"Alisema lini?"

"Siku ile ile."

"Na wewe ulikuwa unanileta nije nilale juu yake."

"Nilitaka urudi, Mama."

"Sijakuuliza ulitaka nini."

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa nakuleta."

Akarudisha mguu ndani ya gari. Akaweka mto mapajani. "Geuza."

Tulivuka daraja tena hadi kwa Lorraine. Alitoka mbio akidhani Mama ameugua njiani, nikamwambia yote palepale kwenye mvua. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Unanichukia kiasi hicho?" akauliza.

"Sikuchukii. Nakuonea wivu."

"Wewe? Mimi? Kwa lipi? Huyu anakaa kwangu anasema Nadine, Nadine, Nadine. Supu si kama ya Nadine. Nadine anajua dawa ipi kwanza. Biskuti za kopo anakula kwa sababu anasema nikijaribu za mkono nitaziharibu!"

Mama akafungua kioo cha gari. "Na ni kweli ungeziharibu. Nileteeni mwavuli."

Garland alikuwa amesimama nyuma yetu. "Shemeji," akasema polepole, kama mtu anayeomba ruhusa ya kufurahi, "hizo boriti ni zile pana za zamani?"

Julai 4

Fataki za sikukuu ya uhuru mtoni. Mama haongei nami. Ananitumia salamu kupitia Lorraine, na amesimama futi mbili kutoka kwangu: "Mwambie dada yako kuku ana chumvi." Nastahili.

Julai 11

Garland na wanaume wa kanisani wameanza. Wametoa sufi yote, wanainua sakafu kwa jeki. Anaingia kabla jua halijachoma na kutoka akiwa na matope hadi masikioni, anaimba. Nilimwona huyu mtu kwa miaka mingi kama boti yenye masharubu. Leo nilimpelekea chakula, akala akiwa amelala chali uvunguni, akasema boriti za Baba zilichongwa na mtu aliyejua kazi.

Julai 20

Joto. Boriti mpya zimeingia. Kiyoyozi nimekitoa, nimempa Garland, aweke dukani kwake.

Agosti 3

Mama, simuni, kwa sauti yake mwenyewe: "Nyanya zimeiva?" Nikasema zimeiva. "Basi lete." Nimepeleka ndoo.

Agosti 19

Plastiki imetandazwa. Nyeupe. Garland ametaka kuweka taa, nimekubali moja. Alipoondoka nimeiwasha, nikajilaza kwenye nyasi nikachungulia. Ni pazuri. Siwezi kumwambia.

Septemba 12

Teresa Oxendine amerudi, amegonga kila mahali. Ko, ko, ko hadi chumbani kwa Mama. "Sasa hata mimi ningelala humu," akasema. Nikamwambia asithubutu, kitanda kina mwenyewe.

Septemba 17, Jumapili

Nimeenda kumchukua.

Nilikuta begi halijafungashwa. Mama alinikalisha kibarazani karibu yake, akanishika mkono, jambo ambalo lilinitisha kuliko kikohozi.

"Nyumba imepona," akasema. "Nimesikia. Hongera."

"Basi twende."

"Sitaenda, Nadine."

Nikamwambia nimetubu. Nikamwambia kuna boriti mpya, plastiki, taa. Aliniacha nimalize.

"Si kwa sababu ya uongo wako, huo nimeshausahau, karibu. Wewe nimekula nawe maisha yako yote. Huyu mwenzako nimekula naye msimu mmoja, na kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, kana kwamba mimi ni mgeni nitakayeondoka. Sitaki kufa nikiwa mgeni kwa mtoto wangu. Wewe una nini cha kuogopa? Wewe unanijua."

Ningetaka kuandika kwamba moyo wangu ulifunguka. Haukufunguka. Uliuma vilevile kama Aprili, pengine zaidi, maana safari hii hapakuwa na mtu wa kulaumu wala ubao wa kung'oa. Nilimbusu, nikashuka ngazi.

Lorraine alinifuata hadi kwenye gari. Wingu lilikuwa limeanza kudondosha.

"Dada, Jumatano nina daktari wa meno. Utakuja ukae naye?"

"Nitakuja. Na Alhamisi pia."

"Alhamisi nipo."

"Alhamisi nitampikia samaki. Wewe samaki unawaunguza."

"Basi chukua Alhamisi, lakini Ijumaa asubuhi awe amesharudi hapa."

"Ijumaa jioni. Atalala kwake siku moja, sakafu iko salama, muulize mumeo!"

"Ijumaa mchana, dada, usiwe na tamaa!"

"Na Siku ya Mama?"

"Siku ya Mama tutaizungumza!"

Tulikuwa tumeinua sauti kama madalali wa tumbaku. Garland alichungulia dirishani, akarudi ndani. Mvua ikaanza kwa nguvu, ya upepo, ikaingia hadi kibarazani, na Mama akapiga fimbo sakafuni.

"Mkimaliza kunigawana," akapaza sauti, "mmoja wenu aje anishike mkono. Nalowa."

Tulikimbia sote wawili. Lorraine alifika kwanza.